Silabi, viungo au sikio: uchague njia ipi kusoma majina marefu ya kemia

Ukiuza viuatilifu Mwanjelwa, Mbeya, majina marefu hayakupi nafasi ya kujiandaa. Mteja anaingia, anaweka chupa mezani, anaweka kidole juu ya maandishi madogo: "Hapa pameandikwa nini, dada?" Mchana naulizwa hivyo na wakulima wa viazi kutoka Umalila na Uporoto. Jioni naulizwa hivyohivyo na vijana wa sekondari ninaowafundisha kemia sebuleni kwangu, Uyole. Majina yanafanana, haja hazifanani. Mkulima anataka kujua kama hiyo ndiyo dawa aliyotumia msimu uliopita. Kijana wa kidato cha nne anataka kuliandika jina bila kukosea herufi. Wa kidato cha sita anataka alitazame jina tu, kisha achore kampaundi yenyewe.

Kwa miaka yote niliyokaa kati ya duka na ubao nimeona watu wakitumia njia tatu. Wapo wanaosoma kwa silabi, kama tulivyofundishwa darasa la kwanza. Wapo wanaolikata jina kwa viungo vyake vya maana. Na wapo wanaolisikiliza kwanza, kwa mwalimu au kwenye simu, kisha wanaiga. Nimezitumia zote tatu na nina upande wangu, nitausema wazi. Majina nitayaacha kwa Kiingereza kama yalivyo kwenye lebo na kwenye vitabu, maana ndivyo utakavyokutana nayo. Matamshi nitayaandika kwa tahajia yetu.

Jina moja mbele ya wasomaji watatu

Tuchukue dichlorodiphenyltrichloroethane. Herufi 31, hakuna pengo hata moja. Hii ni DDT, ambayo wazee wetu wanaijua kwa herufi zake tatu. Ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1874, na mwaka 1939 Paul Müller wa Uswisi akagundua kwamba inaua wadudu, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1948.

Msomaji wa silabi anaanzia kushoto: di-chlo-ro-di-phe-nyl-tri-chlo-ro-e-tha-ne. Anafika mwisho, tena upesi, na hakuna herufi aliyoiruka. Muulize amesoma kitu gani, ananyamaza. Muulize klorini ziko ngapi, anarudi mwanzo wa mstari.

Msomaji wa viungo anapata vipande saba: di, chloro, di, phenyl, tri, chloro, ethane. Hapo jina linaanza kusema. Ethane ya mwishoni ndiyo shina, kaboni 2. Phenyl ni pete ya kaboni 6, na "di" iliyoitangulia inasema pete ni mbili. Chloro ni klorini, mbili za kwanza na tatu za pili. Jumlisha kaboni: 6 na 6 na 2, ni 14. Jumlisha klorini: 2 na 3, ni 5. Sasa fungua kitabu. Fomula ya DDT ni C14H9Cl5. Hata zile haidrojeni 9 zinapatikana kwa kukaa na kalamu. Kila pete imeshikwa sehemu moja na shina na sehemu nyingine na klorini, hivyo inabaki na haidrojeni 4, na pete mbili zinakuwa na 8. Ethane ina nafasi 6. Klorini zimechukua 3, pete zimechukua 2, imebaki 1 ya haidrojeni. Nane na moja, tisa. Mara ya kwanza nilipolifanya hesabu hili nikiwa mwanafunzi nilirudia mara tatu kwa furaha, kwa sababu nilikuwa nimeshazoea kukariri fomula kama mtu anavyokariri namba za simu.

Msomaji wa sikio anaondoka na kitu kingine kabisa, mdundo wa jina. Dai-kloro, dai-finail, trai-kloro, ithein. Amejua kwamba "ch" hapa inatamkwa k, kwamba "ph" ni f, kwamba "di" ni dai, na kwamba ile "e" ya mwisho haitamkwi. Ila kama hajaliona likiwa limeandikwa, mpe karatasi uone.

Kwa nini mimi naegemea viungo

Mtoto wa miaka minne pale Uyole anasema "hatujawapikia" bila kusita. Ndani ya neno hilo amepanga ha, tu, ja, wa, pik, i, a, na kila kipande anakijua kazi yake. Ukimwambia "hatujampikia" anajua papo hapo kwamba walionyimwa ni mmoja, si wengi. Ukigeuza mkia wa kitenzi, pika ikawa pikia, pikwa, pikisha, anajua nani anapika na nani anapikiwa. Hakuna aliyemkalisha chini kumfundisha.

Jina la kampaundi limejengwa kwa ufundi uleule. Mbele yanakaa matawi na idadi yake, katikati linakaa shina, na mwisho unakaa mkia unaosema kitu hiki ni cha aina gani. Shina likiwa ethan, mkia unaweza kulifanya ethane, ethanol, ethanal au ethanoic acid. Kwa watu wa kwetu sijapata mfano unaoingia vizuri kuliko ulanzi, kinywaji kinachogemwa kwenye mianzi. Ukigemwa asubuhi ni mtogwa, mtamu, una sukari nyingi. Chachu inaigeuza sukari kuwa ethanol, ambayo ndiyo pombe. Ukiachwa siku nyingi wazi, bakteria pamoja na hewa wanaipeleka ethanol kwenye ethanal, kisha kwenye ethanoic acid, asidi ya siki, na mnywaji anakunja uso. Kaboni ni mbili zilezile tangu ilipokuwa pombe. Kilichobadilika kwenye jina ni mkia: -ol, -al, -oic acid. Binti mmoja ninayemfundisha, kwao ni Kilolo, aliposikia hivyo aliandika majina matatu kwenye daftari moja chini ya jingine, akapiga mstari mmoja chini ya "ethan" zote tatu. Tangu siku hiyo hajanichanganyia alkoholi na asidi.

Ndiyo maana nawaambia waanzie mkiani. Jina limeandikwa kutoka kushoto, lakini habari kubwa iko kulia. Ukijua ni -ol, umejua ni alkoholi, na mengine yote ya mbele ni maelezo ya huyo alkoholi. Soma mkia, rudi kwenye shina, kisha panda kwenye matawi. Zile namba zilizotenganishwa na jina kwa kistari, kama 2,4-, ni anwani tu, zinaeleza tawi limeota kwenye kaboni ya ngapi. Wanakemia walipokutana Geneva mwaka 1892 kuanza kupatanisha majina ya kampaundi za kaboni, na baadaye chama chao cha kimataifa, IUPAC, kilichoundwa mwaka 1919, kikaendelea na kazi hiyo, shabaha yao ilikuwa kwamba mtu wa Mbeya na mtu wa Japani wakipewa jina moja wachore mchoro mmoja. Jina ni refu kwa sababu limebeba mchoro mzima.

Gharama ya njia hii ni kwamba lazima uwe na akiba ya vipande. Mashina ya kuanzia ni kumi: meth ni kaboni 1, eth 2, prop 3, but 4, pent 5, hex 6, hept 7, oct 8, non 9, dec 10. Manne ya mwanzo ndiyo magumu kwa sababu hayahesabiki, yametokana na vitu. But, kwa mfano, imetoka kwenye neno la Kilatini la siagi. Kuanzia pent unakutana na namba za Kigiriki, isipokuwa non, ambayo ni Kilatini. Ongeza mikia kama kumi na matawi kama kumi, unapata vipande thelathini hivi. Kijana anayejifunza vipande vitatu kwa siku anamaliza kwa siku kumi, na kuanzia hapo majina mapya yanampungukia.

Lakini kisu hiki kinakata vibaya mikononi mwa mwenye haraka. Kosa ninaloliona kuliko yote ni dimethyl kukatwa dim na ethyl. Ni kweli ethyl imo humo ndani, imejificha kwenye methyl, na jicho linalotafuta kitu linachojua linaikamata. Ukikata hivyo umegeuza kaboni 1 kuwa 2, na mchoro wote umeharibika. Dawa yake ni kwamba kipande kinachobaki nacho lazima kiwe na maana. "Dim" si kitu, kwa hiyo rudi nyuma, sogeza kisu. Kosa la pili linawapata wanaojua Kiingereza zaidi: wanaona propanone na kusoma "propa-wan", kwa sababu wamezoea kwamba one ni moja. Hapo one ni mkia, inatamkwa oun, na inasema hii ni ketoni: propanoun.

Pale silabi inapoishinda njia yangu

Sipendi kusikia walimu wakiwakaripia watoto kwa kusoma "e-tha-ne". Nimesahihisha daftari nyingi, na mara kwa mara wanaosoma hivyo ndio wanaoandika sawasawa. Sababu inaonekana ukilinganisha majina matatu ya jirani, ethane, ethene na ethyne. Kwa Kiingereza ni ithein, ethiin na ithain, na mtoto aliyeyapata kwa sikio peke yake huandika kila kitu isipokuwa chenyewe. Aliyeyasoma kwa Kiswahili kichwani, e-tha-ne, e-the-ne, e-thi-ne, amezishika vokali tatu mahali pake, na ile "e" bubu ya mwisho hawezi kuisahau kwa sababu kwake si bubu. Vivyo hivyo propanol na propanal. Anayesema Kiingereza cha haraka anazimeza vokali hadi o na a zinakaribiana. Kinywa chetu hakimezi vokali, nalo ni jambo jema sana, kwa sababu moja ni alkoholi na nyingine ni aldihaidi.

Kwa hiyo kwa kuandika, na kwa dikteshoni, silabi ina haki yake. Tumia sauti ya Kiswahili kichwani unapoandika, na sauti ya Kiingereza mdomoni unaposoma kwa sauti. Vijana wanazizoea sauti mbili hizo ndani ya muhula mmoja.

Inapoanguka ni kwenye viunganishio. Silabi haijui kipande kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi, kwa hiyo inaunganisha vokali za majirani. Diethylamine inakuwa die-thi-la-mi-ne, wakati ni di, ethyl, amine: dai-ithail-amiin. Mfano mzuri zaidi uko kwenye maabara ya hospitali. Kile kichupa cha damu chenye kifuniko cha zambarau kinachotumika kupima wingi wa damu kina EDTA ndani, inayozuia damu kuganda, na jina lake kamili ni ethylenediaminetetraacetic acid. Pale penye "aa" msomaji wa silabi anavuta sauti, "tetraaa", kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde. Mwenye viungo anaona mpaka: tetra imeishia hapo, acetic imeanzia hapo. Anapumua kidogo katikati na kuendelea: ethiliin, dai-amiin, tetra, asitik. Na ameshajua kwamba kuna amine 2 na asidi 4.

Shida nyingine ya silabi ni konsonanti. Ukiona "ch" unataka kusoma kama chai, na chloro inakuwa "chiloro". Kwenye majina ya kemia "ch" karibu kila mara ni k: kloro, kromiamu, klorini. "C" ikifuatwa na e, i au y inakuwa s, ndiyo maana cyclo ni saiklo. "X" ni ks, ila ikianza neno ni z, kama xylene, zailiin. "Th" haina shida kwetu, ni ileile ya thelathini.

Sikio lina kazi yake, si zote

Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno, kila siku. Kiingereza hakina sheria hiyo. Paracetamol sisi tunasema paraseta-MO-li, wao wanasema para-SII-ta-mol. Hakuna kitabu kitakachokuingizia mdundo huo vizuri kama kumsikia mtu akiutamka. Kama una usaili kwa Kiingereza, au unakwenda kuwasilisha kazi chuoni mbele ya watu, tumia bando lako kusikiliza, tena mara kumi.

Unaposikiliza utagundua kwamba wenyewe hawakubaliani. Methyl kwa Mwingereza ni miithail, kwa Mmarekani ni methil. Methane kwa Mwingereza ni miithein, kwa Mmarekani ni methein. Kwa shule zetu mimi nashauri Kiingereza cha Uingereza, kwa kuwa ndicho walimu wengi wanachotumia, lakini kikubwa ni uchague kimoja ukae nacho. Kusema miithail kwenye sentensi moja na methil kwenye inayofuata kunamfanya msikilizaji afikiri ni vitu viwili. Paracetamol yenyewe inakwenda mbali zaidi, maana Wamarekani wanaiita acetaminophen, na majina yote mawili yamechongwa kutoka jina moja refu, para-acetylaminophenol. Mmoja amechukua para, acet, am na ol. Mwingine amechukua acet, amino na phen. Ukilijua jina refu, haya mawili hayakupotezi.

Hatari ya sikio ni majina yanayofanana mdomoni na kutofautiana kwenye chupa. Sulphide, sulphite, sulphate: salfaid, salfait, salfeit. Ammonia na ammonium. Nimemwona mwanafunzi kwenye praktiko akitajiwa chumvi na mwenzake kutoka meza ya pili, akasikia "eit" badala ya "ait", akafanya jaribio zima la chumvi isiyo yake. Kwenye maabara, kwenye duka na kwenye wodi, usiliamini sikio peke yake. Omba chupa uione.

Sasa wewe uchague ipi

Ukiwa kidato cha kwanza au cha pili, anza na silabi kwa ajili ya tahajia na usione aibu. Majina yako bado ni mafupi, carbon dioxide na wenzake, ingawa hata hapo ningependa ujue kwamba ni di na oxide, daioksaidi, oksijeni mbili, si "dio-ksidi". Gesi hiyo inavunwa kutoka ardhini Kyejo, Rungwe, kwa hiyo ni jina la kitu cha jirani.

Kidato cha tatu kuendelea, viungo, bila mjadala. Kemia ya kaboni haipenyeki kwa njia nyingine. Anayekariri majina mia mbili atasahau mia na hamsini kabla ya mtihani. Anayejua vipande thelathini anayatunga hayo mia mbili mwenyewe.

Muuguzi, mfamasia na mtu wa maabara wanahitaji viungo na sikio pamoja, kwa sababu wanasoma lebo na pia wanatajiana majina kwa sauti. Mwalimu anazihitaji zote, na ningemwomba jambo moja: unapoandika jina refu ubaoni kwa mara ya kwanza, liandike na mikato yake kwa chaki ya rangi nyingine, lisome kwa mikato hiyo, halafu ndipo ulifute na kuliandika likiwa zima. Utagundua pia kwamba mkazo wa Kiingereza unafuata viungo. Kila kipande kina mdundo wake, dai-KLO-ro, trai-KLO-ro, kwa hiyo aliyekata vizuri amekwisha kupata zaidi ya nusu ya matamshi hata kabla ya kusikiliza.

Mkulima na muuza duka

Kwao habari ni tofauti kidogo, kwa sababu lebo ya kiuatilifu mara nyingi haina jina lile refu. Ina jina la biashara kwa herufi kubwa, na kwa herufi ndogo jina fupi la kiambato, linalotambuliwa kimataifa. Jina la biashara usilichambue, halina kitu ndani. Jina fupi la kiambato lichambue, maana limechongwa kutoka lile refu, na mkia wake ni kama ukoo. Kwetu ukisikia jina la mtu linaanza na Mwa-, umeshajua pa kuanzia kuulizia kwao. Kwa viambato, ukoo uko mwishoni.

Mkia -conazole ni ukoo wa dawa za ukungu, na ndugu zao wako hata duka la dawa za binadamu, kama fluconazole na ketoconazole. Mkia -bendazole ni wa minyoo, kwa mifugo na kwa watu. Mancozeb, inayopulizwa sana kwenye viazi na nyanya, imebeba metali zake mbili ndani ya jina, man ya manganizi na z ya zinki.

Mkia ambao kila muuza duka anapaswa kuujua usingizini ni -fos. Profenofos, pro-FE-no-fos, chlorpyrifos na wenzao ni kampaundi za fosforasi zinazoshambulia mishipa ya fahamu ya mdudu, na ya binadamu pia. Aliyezidiwa nazo hutokwa jasho na mate kwa wingi, na mboni za macho husinyaa zikawa ndogo kama nukta. Hospitali wana tiba yake, atropine, lakini wanahitaji kujua ni nini kilichomwingia. Anayempeleka mgonjwa abebe chupa au lebo, na kama hawezi kuibeba basi angalau aukumbuke ule mkia. Angalia pia usidanganywe na "phos" iliyoko katikati. Glyphosate, glai-fo-seit, ina fosforasi lakini ni dawa ya magugu, haimo kwenye ukoo wa -fos. Na chlorpyrifos ina "pyri" ambayo watu huihusisha na pareto. Si kweli, hiyo ni pyridine, pete yenye naitrojeni. Ukoo unausoma mwishoni mwa jina, si popote unapoona herufi unazozijua.

Ukoo wa pareto ni -thrin. Nilimweleza haya mzee mmoja wa Umalila aliyekuja dukani msimu wa mvua na kipande cha lebo kimekunjwa ndani ya leso.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Panya wametafuna, kimebaki hiki tu. Nataka kama hii."

Nilikifungua juu ya meza. Juu pamechanika, yamebaki maandishi "halothrin 50 g/L" na alama ya meno. Kama panya angeanzia upande wa pili, tusingepata kitu. Nikamwonyesha kwa ncha ya kalamu: hii thrin, baba, inatokana na pyrethrin, sumu iliyomo kwenye ua la pareto. Zimetengenezwa kiwandani kwa kuifuatisha ile ya ua. Akacheka, akaniambia kwamba yeye amelima pareto miaka mingi na maua yake yalikuwa yanakwenda kiwandani Mafinga. Akataka kujua kama basi ni salama kama ua lenyewe. Nikamwambia hapana, hii ni kali, inaua nyuki na samaki, asioshee bomba mtoni.

Kisha nikamsomesha. Thrin peke yake isingetosha, kwa kuwa cypermethrin na deltamethrin nazo zinaishia hivyo, na nisingemuuzia kwa kubahatisha. Ila "halo" ilikuwa imebaki, nayo inataja halojeni, ukoo wa klorini na florini, na hapo nikajua tunazungumzia cyhalothrin. Nikatoa rafuni chupa ya lambda-cyhalothrin yenye 50 g/L, nikaweka kipande chake chini ya lebo nzima, herufi chini ya herufi. Mzee akasogeza miwani, akafuatisha kwa kidole kutoka kulia kwenda kushoto, kama nilivyomwonyesha: thrin, halo, sai. Alipomaliza aliniomba kalamu, akaliandika jina lote nyuma ya risiti, akaikunja ndani ya leso pamoja na kile kipande.